SHIDA ZETU KWENYE PAMPU YA PETROLI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Changamwe)



Tumeombwa tuseme machache kwa habari ya petroli. Wengine watacheka, maana watu wa reli wana habari gani na petroli? Lakini hesabuni pikipiki na motokaa kuukuu zilizosimama hapo nje chini ya mwembe, ndipo mtajua. Zamani wengi wetu walikaa katika nyumba za reli, wakaenda kazini kwa miguu. Siku hizi tumetawanyika, huyu Mikindani, yule Kisauni, mwingine ng'ambo Likoni, na zamu ya usiku haingoji matatu. Sisi wanne tunashirikiana motokaa moja, na kila mwisho wa juma twachanga fedha za petroli. Haya tutakayosema tumeyaona wenyewe, na moja katika hayo ni la aibu yetu.

Liudhilo kwanza ni hili, kwamba mafuta yanashuka mlangoni petu. Meli zinayateremsha Kipevu na Shimanzi, na kiwanda cha kuyasafisha kilifunguliwa hapa hapa Changamwe mwaka 1963, kikafanya kazi hiyo mpaka mwaka 2013. Bomba la kwenda Nairobi lilianza mwaka 1978, likachukua kazi nyingi ya mabehewa yetu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Basi mtu hudhani kwamba akaaye kando ya kisima hanywi kwa taabu. Sivyo. Mwezi wa Aprili 2022 foleni zilijaa vituoni sehemu nyingi za nchi, wala haikuwa kwa kukosa meli. Serikali ilichelewa kuwalipa wenye makampuni fedha za kupunguza bei, nao wakashika mikono. Na kila mwezi, tarehe 14, bei mpya hutangazwa ya kuanzia usiku ule. Ikisikika kwamba bei itapanda, watu wote hukumbuka petroli jioni hiyo moja. Septemba 2023 lita ya super ilifika shilingi 211.64 kule Nairobi, mara ya kwanza kupita mia mbili. Hapa kwetu hupungua kwa shilingi chache tu, ambazo hazitoshi hata andazi na chai.

Sasa tuje kwenye pampu yenyewe. Mambo madogo ni mengi. Unangoja foleni nusu saa, ukifika waona tundu la tangi liko upande wa pili na mpira haufiki, basi unazunguka, na wa nyuma yako amekwisha kuingia. (Katika motokaa nyingi za siku hizi kuna mshale mdogo kando ya alama ya petroli kwenye dashibodi, waonyesha upande wa tundu. Sisi tuliendesha miaka mitatu bila kuuona.) Watu wa bodaboda hupenya katikati, kila mmoja ataka ya mia moja tu, na wengine hawashuki, tangi limefunguliwa katikati ya mapaja na injini inanguruma. Hatari hiyo hatuna haja ya kuieleza kwa watu waliofanya kazi karibu na behewa la mafuta. Mvuke wa petroli hauonekani, nao huhitaji cheche moja.

Tena kuna malipo ya simu. Umetuma fedha, ujumbe kwako umefika, kwa mhudumu haujafika. Anakushika kama mwizi, na nyuma honi zinalia. Hapo watu wengi huanza matusi. Na kuna lile la sifuri. Mhudumu akianza kujaza kabla hujaangalia, na namba hazikurudi kwenye sifuri, hapana wa kukuamua. Watu wa Vipimo wa serikali hukagua pampu na kuipiga muhuri, lakini muhuri haukulindi kama wewe unaangalia simu yako.

Basi sikilizeni lililotupata. Motokaa yetu ilikuwa kwa fundi. Mwenzetu mmoja alikuwa anahamia Likoni, tukaazima pikapu ya shemeji yake tumsaidie kubeba vyombo. Tukapakia kitanda, masufuria, jiko, godoro juu, na ndoo zimefungwa kwa kamba. Tukapita kituo kimoja hapa Changamwe, jina lake tunaliacha. Msichana mmoja mwenye sare akaja mbio, akauliza, "Super, kaka?" Tukamjibu kwa kinywa kimoja, "Super, dada, ya elfu mbili, na upesi, tunawahi feri." Akaweka. Tukamlipa, akatupa risiti, tukaondoka tukiimba.

Pikapu ile ilikuwa ya dizeli.

Hatukufika mbali. Ilianza kugonga kama nyundo, ikavuta kwa shida, ikazima pale kwenye daraja la Makupa, malori mbele na malori nyuma. Jua la saa saba. Godoro likaanguka. Madereva wakatuambia maneno ambayo hayafai kuandikwa katika karatasi ya chama. Fundi alipokuja akanusa tundu la tangi tu, akasema, "Mmeweka petroli." Akatueleza kwamba dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya injini ile, na petroli huikausha, chuma kikasuguana na chuma. Tena akasema mdomo wa mpira wa super ni mwembamba, huingia katika tangi la dizeli bila kizuizi chochote, na kwamba lau tungeligundua pale pale kituoni, tusiwashe, tukaisukuma pembeni na kumwaga tangi, tungelipona kwa gharama kidogo. Kwa kumwaga na kusafisha akataka shilingi 3,500.

Tukarudi kituoni wote wanne, tumewaka moto. Hatukuuliza, tulipiga kelele. Tukasema msichana ametuharibia gari, hajui kazi, ameandikwa na nani. Watu wakakusanyika. Msimamizi akatoka ofisini, mtu mpole, akatuomba radhi, akamgeukia yule msichana akasema, "Hiyo 3,500 na hizo elfu mbili zitatoka kwenye mshahara wako." Yeye hakulia. Akasema neno moja tu, "Niliwauliza."

Ndugu, pale tulinyamaza. Kila mmoja wetu alikumbuka. Na risiti ilikuwa mfukoni mwa mmoja wetu, imeandikwa SUPER waziwazi. Hakuna aliyeitoa. Tukaondoka tumeshinda kesi.

Usiku ule zamuni hatukuzungumza sana. Sisi tunajua habari ya kukatwa. Katika sisi wanne yumo aliyewahi kukatwa kwa ajili ya chombo kilichopotea zamu ambayo si yake, na chama hiki hiki ndicho kilichosimama naye mpaka akarudishiwa. Mmoja akaenda kuutafuta ule mwongozo wa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 tuliopewa kwenye mafunzo ya tawi, tukausoma chini ya taa. Kifungu cha 19 humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara aliyoileta mfanya kazi kwa kutotimiza wajibu wake kwa kusudi, au kwa upungufu wa fedha alizokabidhiwa akafanya uzembe au udanganyifu. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Tukatafuta mahali palipoandikwa kwamba mfanya kazi hukatwa kwa kufanya alichoagizwa na mteja mpumbavu. Hapakuwapo.

Siku ya tatu tukarudi. Kurudi huku kulikuwa kugumu kuliko kule kwa kwanza, maana hasira humsukuma mtu na aibu humvuta nyuma. Mmoja wetu alisema tuandike barua tu. Tukakataa. Tukamwita msimamizi na msichana pamoja, tukatoa risiti, tukasema kosa ni letu, na mbele ya wahudumu wengine tukasema tena kwa sauti ile ile tuliyopigia kelele. Msimamizi alisema amekwisha kuandika kwenye daftari. Tukamwomba afute mbele yetu. Akafuta kwa kalamu, akatia sahihi. Fedha alizokwisha kumkata fundi kwa ahadi zikawa zetu kulipa, tukachanga, kila mmoja 875.

Tulipokuwa tunatoka tulimwuliza yule dada kama wenzake hapo wana chama. Akatuambia wengi wanaogopa, na kwamba akienda mteja bila kulipa, mhudumu ndiye alipaye, na ujumbe wa simu usipofika, yeye ndiye. Ndiyo sababu anakushika kama mwizi pale honi zinapolia. Tukamwandikia saa na siku ya mkutano wa tawi letu katika nyuma ya ile ile risiti. Leo yuko hapa na wenzake wawili, wamekaa karibu na mlango, nao watasema baada yetu kama Mwenyekiti ataruhusu.

Motokaa yetu imetoka kwa fundi zamani, na bado twajaza pale pale. Lakini dada huyu hatuamini tena. Tukisimama hauanzi mpira kuinuliwa mpaka auzunguke mlango mmoja mmoja akituuliza, "Super au dizeli?" na wote wanne tujibu, hata aliyelala kiti cha nyuma.