Hadubini ya Macho Mawili: Namna ya Kuichagua na Kuitumia

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mmoja wa kisomo mbele ya kikundi cha wanakisomo waliochanga fedha za kununua hadubini ya maktaba yao.)



Mwenyekiti ameniambia kwamba mmechanga fedha kwa muda wa miezi minane. Mnataka kununua hadubini ya kuweka katika maktaba ya kijiji. Ameniambia pia kwamba mmekwisha kuonyeshwa moja huko mjini, na muuzaji amesema inakuza vitu mara 2,000. Mnataka nieleze kama inafaa.

Sitajibu upesi. Kwanza nitawaeleza kosa langu mimi mwenyewe. Kosa hilo lilinigharimu mahindi, halafu likanigharimu fedha.

Kosa langu

Mwaka 2012 nilivuna mahindi ya kutosha magunia 12. Niliyaweka ghalani yakiwa bado kwenye magunzi. Baada ya wiki chache mama watoto akaniambia, "Baba, chini ya mahindi kuna unga." Nikaenda kutazama. Nikaona wadudu wadogo weusi-weusi. Nikasema, "Ah, hawa ni fukusi tu." Nikanyunyiza dawa ya fukusi iliyobaki mwaka uliopita. Nikafunga mlango.

Ilipofika Desemba, magunia matano yalikuwa hayafai tena kuliwa. Magunzi yalikuwa yametobolewa kama chujio. Ndipo nikamwita bwana shamba. Alitoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akamweka mdudu kwenye kiganja, akatazama. Akasema, "Mwalimu, huyu si fukusi. Huyu hana mdomo mrefu. Huyu ni dumuzi."

Niliona haya, ndugu zangu. Mimi ninafundisha watu kutofautisha herufi "b" na "d", lakini nilishindwa kutofautisha wadudu wawili waliokuwa ndani ya nyumba yangu. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikaamua kununua hadubini. Nikaenda mjini. Nikakuta moja imeandikwa "mara 1,200". Nikafurahi kwa ile namba, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikamweka dumuzi, nikatazama. Niliona giza tupu! Nikageuza huku, nikageuza kule. Giza. Kumbe mashine ile haikuwa ya kazi niliyoitaka.

Hadubini ni za namna mbili

Watu wengine huita chombo hiki darubini. Hapa tutaita darubini kile cha kuonea vitu vya mbali, na hadubini kile cha kuonea vitu vidogo.

Namna ya kwanza ni ile ya hospitali. Hukuza sana, kuanzia mara 40 hivi hadi mara 1,000. Mwanga wake hutoka chini, hupita ndani ya kitu, ndipo ukafika kwenye jicho. Kwa hiyo kitu lazima kiwe chembamba sana, tena kiwekwe juu ya kipande cha kioo. Tone la damu lililopakwa vizuri linafaa. Mdudu mzima hafai, maana mwanga haupiti ndani yake. Ndiyo sababu mimi niliona giza.

Hebu fikirini jambo moja. Mtaalamu wa maabara anayetafuta vimelea vya malaria katika damu hutumia hadubini inayokuza mara 1,000. Vimelea ni vidogo mno, lakini mara 1,000 inamtosha. Sasa hiyo mliyoonyeshwa ya bei nafuu, ya mara 2,000, ni ya kuonea nini? Namba kubwa iliyoandikwa kwenye sanduku isiwababaishe.

Namna ya pili ni hii mnayoiona hapa mezani. Hii ni hadubini ya macho mawili. Wataalamu huiita hadubini stereo. Ina njia mbili za mwanga, moja kwa kila jicho. Kila jicho linaona kitu kwa upande wake kidogo, kama tunavyoona siku zote. Kwa hiyo unaona bonde na mlima, mbele na nyuma. Mmarekani mmoja mwanabiolojia, Horatio Greenough, ndiye aliyebuni mpango wake, na kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, kikaitengeneza katika miaka ya 1890.

Hadubini hii haikuzi sana. Nyingi hukuza mara 10 hadi mara 40 au 45. Lakini kitu hakihitaji kukatwa wala kupakwa. Unaweka mdudu mzima, jani, punje, au kitambaa. Ukisogeza kitu kulia, unakiona kinakwenda kulia. Katika ile ya hospitali kitu huonekana kimegeuzwa: ukisogeza kulia, kinakwenda kushoto.

Hesabu ndogo

Sasa tufanye hesabu. Kukuza kunapatikana kwa kuzidisha. Lenzi ya juu, ile ya jicho, huandikwa 10. Lenzi ya chini huandikwa, tuseme, 2. Kumi mara mbili ni 20. Basi hadubini inakuza mara 20. Ukiweka lenzi ya chini ya 4, inakuza mara 40.

Lakini kila unapoongeza kukuza, eneo unaloliona linapungua. Kwa mara 20 unaona eneo lenye upana wa sentimeta 1 hivi. Kwa mara 40 unaona nusu yake, yaani milimeta 5. Kwa mara 400 unaona chini ya nusu ya milimeta. Dumuzi ana urefu wa milimeta 3 hadi 4 na kidogo. Kwa mara 20 unamwona mzima, pamoja na sehemu ya punje anayoitoboa. Kwa mara 400 utaona nini? Labda kipande cha bega.

Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza muuzaji, "Inakuza mara ngapi?", jiulizeni ninyi, "Tunataka kuona nini?"

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Ndugu zangu, mkienda dukani msione haya. Fedha ni zenu. Chukueni noti ya fedha na punje chache za mahindi, mjaribu hapo hapo.

1. Tazama kwa macho yote mawili. Sogeza mirija miwili ya juu hadi ilingane na macho yako. Unatakiwa kuona duara moja na picha moja. Ukiona picha mbili, au macho yakivuta na kichwa kikaanza kuuma, ndani haikulingana. Usinunue, hata ukipunguziwa bei.

2. Angalia nafasi kati ya lenzi ya chini na kitu. Ingiza mkono wako na kibano. Ikiwa hakuna nafasi ya kufanya kazi, haifai. Hadubini nyingi nzuri za namna hii huacha nafasi ya sentimeta 10 hivi.

3. Zungusha gurudumu la kupandisha na kushusha. Likiachwa, kichwa cha hadubini kisishuke chenyewe.

4. Angalia taa. Taa ya juu ndiyo ya lazima, maana sisi tunatazama vitu vizito visivyopitisha mwanga. Ulizeni kama inatumia betri au umeme wa jua. Isipokuwa na taa, tochi nzuri iliyowekwa ubavuni inaweza kusaidia.

5. Kama imetumika, tazama lenzi kwa kuielekeza kwenye mwanga wa mchana. Ukiona utando kama wa buibui ndani, huo ni ukungu ulioota. Iache.

6. Kama kukuza kwake hubadilishwa kwa kuzungusha kidogo kidogo, zungusha kutoka chini hadi juu. Picha isipotee wala isififie sana.

Halafu mwulize muuzaji kama anauza taa na vipuri vyake. Ulizeni maduka zaidi ya moja. Haraka haraka haina baraka.

Namna ya kuitumia

Weka hadubini juu ya meza imara. Kaa vizuri, usiiname sana. Weka kitu chako juu ya sahani yake. Sahani nyingi zina upande mweupe na upande mweusi. Mdudu mweusi mweke juu ya upande mweupe. Yai jeupe la mdudu liweke juu ya upande mweusi.

Anza na kukuza kudogo. Funga jicho la kushoto, zungusha gurudumu hadi jicho la kulia lione vizuri. Kisha funga la kulia, zungusha pete ya mrija wa kushoto hadi nalo lione vizuri. Sasa fungua yote mawili. Utaona kitu kimeinuka kama unaweza kukishika.

Mdudu anayetembea hutiwa katika kichupa cha kioo chenye kifuniko, au huuawa kwanza kwa spiriti. Mgeuze kwa sindano au kibano. Mtazame juu, ubavuni na chini. Halafu andika katika daftari: tarehe, umempata wapi, umeona nini. Mchore pia. Mkono unaochora hulifundisha jicho.

Haya, tumsome dumuzi. Ukimtazama kutoka juu, kichwa hukioni. Kimeinama chini ya bega, kama mtu aliyejifunika kofia ya koti. Mwili ni mviringo kama gogo, na nyuma ni kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Sasa mweke fukusi. Fukusi ana mdomo mrefu mbele, kama mkonga. Mgongoni, juu ya mabawa, mara nyingi ana madoa manne ya rangi nyekundu-nyekundu. Ukishawaona mara moja, hutawachanganya tena.

Kwa nini nasisitiza hilo? Dumuzi ni mgeni kutoka Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alitambuliwa kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hupenda sana mahindi yaliyo kwenye magunzi, na mihogo mikavu pia. Dawa inayomweza fukusi peke yake haimwezi vizuri dumuzi. Ndiyo maana ilitengenezwa dawa ya unga yenye viuadudu viwili pamoja, kimoja kwa kila adui. Mwenye kumtambua mapema hupukuchua mahindi yake, huyakausha vizuri, kisha huyachanganya na dawa hiyo kwa kipimo anachoelekezwa na bwana shamba au bibi shamba. Au huyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Mimi nilichelewa miezi mitatu. Magunia matano yakaenda.

Kazi nyingine za hadubini hii

Chota maji ya dimbwi katika sahani nyeupe. Tazama viluwiluwi vya mbu. Cha anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Cha mbu wa aina ya kyuleksi huning'inia kichwa chini, na mkiani ana mrija wa kuvutia hewa. Mtu akishaona wadudu hao kutoka dimbwi lililo nyuma ya nyumba yake, hahitaji kuhimizwa kulifukia.

Tena kuna kujifurahisha tu, na hilo si dhambi. Tazameni chembe za chumvi, mchanga wa mtoni, unyoya wa kuku, nyuzi za kitenge. Vijana wanaotengeneza simu na redio nao hutumia hadubini ya namna hii kwa kuunganisha nyaya ndogo.

Msidhani kazi hii ni ya wenye shahada tu. Huko Uholanzi, katika mji wa Delft, alikuwapo mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek, aliyezaliwa mwaka 1632. Hakusoma chuo kikuu. Alijua lugha yake ya Kiholanzi tu. Alisaga lenzi zake mwenyewe, akatazama, akaandika barua kwa wataalamu wa London kwa miaka kama 50. Yeye ni mmoja wa watu wa kwanza kuona bakteria.

Kuitunza

Ukimaliza, ifunike kwa kitambaa safi. Iwekeni mahali pakavu, maana unyevu huotesha ukungu ndani ya lenzi. Vumbi lipeperushe kwanza, ndipo upanguse polepole kwa kitambaa laini cha pamba. Usipanguse kwa pindo la shati. Usifungue lenzi za ndani. Na kamwe usiielekeze kwenye jua na kutazama, utapofuka. Awepo mtu mmoja wa kuitunza na daftari la kuandika anayeitumia.

Ushauri wangu

Sasa najibu swali lenu. Hiyo ya mara 2,000 iacheni. Nunueni hadubini ya macho mawili inayokuza mara 20 na mara 40. Na kama fedha hazitoshi, msikope. Nunueni kwanza lenzi za mkono tano za kukuza mara 10. Hizo huingia mfukoni, na zinatosha kumtambua dumuzi ghalani. Hadubini itafuata.

Leo jioni kila mmoja akatazame chini ya mahindi yake. Akiona unga, aokote wadudu watano, awatie katika kichupa, awalete hapa kesho. Yangu hii nitawaachia mezani kwa wiki nzima. Tuwasome wadudu wetu kabla hawajamaliza chakula chetu.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mwalimu aliona giza alipotumia hadubini yake ya kwanza?
2. Taja tofauti mbili kati ya dumuzi na fukusi.
3. Lenzi ya jicho ni 10 na lenzi ya chini ni 3. Hadubini inakuza mara ngapi?
4. Katika kijiji chenu, ni kitu gani mngependa kukitazama kwanza? Kwa nini?