Kamioneti inakunywa esansi: tupime kwanza, kisha tuseme nani anaiba

Maneno ya timu ya terrain mbele ya wanachama

Mulituomba tuzungumze juu ya kamioneti ya ushirika, sababu sanduku linakwisha na kila mtu anajua linaishia wapi: ndani ya tanki. Mwaka jana safari ya Baraka–Uvira, kwenda na kurudi, ilimaliza lita 30 hivi. Sasa daftari linaonyesha 46. Ni lita 16 za ziada kila safari. Kwa safari nne za mwezi ni lita 64, yaani bidoni tatu za lita 20 na kitu juu yake. Na hiyo sanduku ndiyo inapeleka wagonjwa wetu hospitali.

Maneno yanayotembea mtaani tumeyasikia. Wengine wanasema shofa anauza esansi njiani. Lakini namba 46 peke yake haiwezi kusema kama esansi iliuzwa ao iliungua bure. Esansi ikiungua vibaya inaacha alama ndani ya injini; ikiuzwa, injini inabaki safi. Ndiyo maana tunaomba alama hizo ziangaliwe na shofa mwenyewe akiwepo, asikie na aone.

Kamioneti hii ni Hilux ya zamani, injini 22R, ya kabureta. Hakuna kompyuta ya kuuliza. Ili kuungua sawasawa, kilo moja ya esansi inataka kilo karibu 15 za hewa. Hewa ikipungua, ao esansi ikizidi, sehemu ya esansi inatoka nyuma bila kazi: moshi mweusi, harufu kali, nguvu kidogo, na shofa anazidi kukanyaga. Moshi wa bluu ni habari nyingine, hapo ni oili inaungua.

Shahidi mkubwa ni bugi (wenye kurudi toka Tanzania wanaita plagi, ni kitu kilekile). Gari itembee vizuri mpaka ipate moto, izimwe, ipoe kidogo, kisha fungua bugi zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa kwa kufuata silinda zake. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, inayofutika kwa kidole, ni esansi nyingi. Nyeusi iliyolowa mafuta ni oili inayoingia juu ya pistoni. Zote nne zikiwa na masizi, shida iko kwenye kabureta ao kwenye hewa. Ikiwa ni moja tu, angalia bugi hiyo na waya wake mbele ya kugusa kitu kingine. Nafasi ya bugi za injini hii ni milimita 0.8. Moto ukiwa dhaifu, hata esansi ya kiasi haiungui yote.

Bugi zikiwa safi na za kahawia, basi tuache kabureta. Tuangalie matairi yasiyo na upepo, frena inayoshika (gusa rimu polepole baada ya safari, ile inayoshika itakuwa na moto kupita wenzake), mzigo, na bomba linalovuja. Kisha ndipo tuzungumze na shofa.

Zikiwa nyeusi, anza na vya bei ndogo. Filtri ya hewa: vumbi la barabara yetu linaijaza haraka. Itoe, washa gari mahali pasipo vumbi, dakika moja tu. Moshi ukipungua, umepata jibu. Halafu choki, ile ya kuvuta kwa mkono. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, fungua kifuniko cha filtri, chungulia: kile kibati cha juu ya kabureta kinapaswa kusimama wima, njia wazi. Kebo ikikwama, kibati kinabaki nusu na gari inakunywa kama mlevi siku nzima, hata kama shofa amerudisha kitufe mpaka mwisho.

Hapa tuseme kidogo juu ya themostati, sababu mafundi wetu wengi wanaitoa na kuitupa. Wanasema joto la huku ni kali, gari itachemka. Lakini themostati kazi yake ni kuzuia maji mpaka injini ifike joto lake, digrii 80 na kitu. Bila yake injini inakawia kupata moto, esansi inakuwa matone badala ya mvuke, shofa anaona gari inasita na anavuta choki tena. Gari ikichemka, tafuta radiateri iliyoziba. Kutoa themostati ni kuficha ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine.

Ndani ya kabureta kuna boya na sindano, vinavyofunga esansi ikifika kiasi chake. Uchafu mdogo wa bidoni unatosha kuizuia sindano isifunge. Kabureta ya kiwanda ya 22R ina kidirisha cha kioo; injini ikizunguka polepole, esansi ionekane katikati yake. Ikipita juu, boya ao sindano. Na jikleri, vile vitobo vya shaba: tafadhali, hakuna kupitisha waya! Shaba ni laini, tundu linapanuka, na kuanzia siku hiyo hakuna skrubu ya kulirudisha. Pulizia hewa, osha na esansi, basi. Sigara na mishumaa vibaki mbali.

Kuna pia jambo la majina. Tanzania "petroli" ni esansi ya gari. Huku kwetu "petroli" ni mafuta ya taa. Kijana aliyekulia kambini akitumwa kwa Kadhafi wa kando ya barabara akaomba petroli, anaweza kurudi na mafuta ya taa bila mtu kumdanganya. Yakichanganyika tankini, moshi na masizi vinafuata. Mtu akitumwa, aseme esansi.

Tena, gari iliyorekebishwa hapa ziwani, mita 770 hivi, ikipanda Bukavu kwenye mita 1,500 inakuta hewa nyepesi. Itakunywa zaidi kidogo huko. Hiyo si ugonjwa, na si sababu ya kugeuza skrubu.

Mwisho chomoa kijiti cha oili, unuse. Kikitoa harufu ya esansi, pompi ya esansi inaweza kuwa imepasuka kiwambo, ao esansi isiyoungua inashuka. Badilisha oili haraka mara sababu ikipatikana, maana oili iliyochanganyika hivyo inakula injini.

Tunapendekeza hivi. Jumamosi saa mbili asubuhi, tanki lijazwe mpaka mdomoni mbele ya wajumbe wawili, mmoja mama wa kamati ya sanduku, na kilomita ziandikwe. Safari ya Uvira kama kawaida, mzigo wa kawaida, mjumbe mmoja akae kabini. Wakirudi, tanki lijazwe tena mpaka mdomoni na lita zihesabiwe. Bugi zifunguliwe jioni hiyohiyo. Fundi akirekebisha, abadilishe kitu kimoja tu kila mara, kisha tupime tena. Funguo ya bugi tunayo sisi. Daftari na kalamu, mulete ninyi.