Deni la ushirika si wizi



Sisi tuliorudi kutoka India tunabeba mambo mengi yenye hatukumaliza kule. Mwenzetu mmoja alifungua butike ya nguo pale Delhi pamoja na rafiki, nusu kwa nusu, bila mkataba. Feza zilipopotea, rafiki hakwenda tribinali kudai hesabu. Alikimbilia polisi: "Ameniibia!" Mgeni akisikia hivyo anaogopa, maana kesi ya jinai inaweza kumzuia uwanja wa ndege. Analipa hata kile hadaiwi. Na mara nyingi ndiyo shabaha yenyewe.

Lakini sheria ya India haisemi hivyo. Mwaka 1964, katika kesi ya Velji Raghavji Patel, Mahakama ya Juu ilisema mali ya ushirika ni ya washirika wote. Mshirika hawezi kuhukumiwa kwa kuvunja uaminifu juu yake, isipokuwa alikabidhiwa kwa mapatano ya pekee. Mwenye kulalamika aende kudai hesabu. Na udanganyifu je? Lazima nia mbaya iwe ilikuwako siku ile ya kupatana. Kushindwa kulipa kisha, ni deni. Mwaka 2006 mahakama hiyohiyo ililalamika kwamba watu wanageuza madeni kuwa jinai, kwa kuona kesi za madai zinakawia. Hapo tunawaelewa kidogo, nani hachoki kungoja hakimu?

Tusijidanganye lakini. Mwenye alipokea feza akijua hakuna butike, huyo ametenda jinai. Tangu tarehe 1 Julai 2024 iko sheria mpya, Bharatiya Nyaya Sanhita. Kifungu cha 318 kinaweza kumfunga hadi miaka 7. Asitegemee kisanduku chetu.

Wenye kesi kule, musinyamaze. Mahakama Kuu ya jimbo inaweza kufuta mashtaka kama ni deni tupu. Hata ushirika wenye haukuandikishwa, sheria ya 1932 inaruhusu kuomba uvunjwe na hesabu zifanywe. Tafuteni karatasi: risiti, ujumbe wa simu, kila kitu kinachoonyesha mlianza kwa nia safi.

Mwenzetu alikuwa na daftari moja tu ya mauzo, mke wake aliifunga ndani ya kitenge siku ya kurudi. Sasa iko mikononi mwa avoka kule Delhi. Feza ya avoka tumefikisha nusu. Mweka hazina anapokea hapa mlangoni hadi jioni.