Mchanga Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kukadiria Uchakavu wa Vali za Visima vya Mafuta



Najua swali lililo vichwani mwenu: vali za visima vya mafuta zinatuhusu nini sisi tulioketi hapa Ruziba, Bujumbura? Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili katika bonde la Rusizi, ikaondoka bila mafuta ya kuuza. Lakini kusini mwetu kidogo, mto Mugere unaendesha mitambo ya umeme ya megawati 8 tangu 1982, na mvua ikinyesha milimani maji hayaji peke yake. Mchanga haujali umebebwa na maji au na mafuta. Wenye visima nao si wa mbali: kwenye Ziwa Albert, Uganda, mradi wa Tilenga umepangiwa visima zaidi ya 400, na bomba la kupeleka mafuta Tanga lina urefu wa kilomita 1,443.

Juu ya kisima hufungwa rundo la vali ambalo wachimbaji huliita mti wa Krismasi. Inayoumia kwanza ni vali ya kubana, ile inayopunguza presha. Tundu lake ni dogo, na kila kinachotoka ardhini hukimbilia hapo.

Kompyuta hufanya nini? Hukata nafasi ya ndani ya vali katika vijumba vidogo, pengine mamilioni, na kukokotoa kasi na presha katika kila kimoja. Kisha huachia chembe za mchanga, huzifuata, na kuandika kila inapogonga ukuta: kwa kasi gani, kwa pembe gani. Pembe ina maana kubwa. Chuma cha kawaida huumia zaidi chembe ikikwaruza kwa nyuzi 20 hadi 30 kuliko ikigonga wima. Kabidi ya tangsteni ni kinyume: hustahimili mkwaruzo, lakini kipande cha jiwe kikiipiga wima huweza kuipasua.

Kasi ndiyo mwenye nyumba. Kwa chuma, uchakavu hukadiriwa kufuata kasi iliyopandishwa kwa kipeo cha 2.6 hivi. Chukueni vali ambayo ingedumu siku 300. Fundi akiibana hadi nafasi ya kupita ikabaki nusu, huku mtiririko na kiasi cha mchanga vikiwa vilevile, kasi inakuwa maradufu na uchakavu unapanda mara 6. Siku 300 zimekuwa 50. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Kompyuta inahitajika kutuonyesha ni upande gani wa vali utakaotoboka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaovutiwa na picha za rangi za kompyuta. Picha nyekundu na bluu hupendeza hata kama mchanga ulioingizwa ni wa kubuni. Chembe ya kwatsi yenye ncha hukata zaidi ya iliyoviringika, na ukikosea kiasi cha mchanga mara 3, siku ulizotabiri nazo zimekosewa mara 3. Tena vali ikishaliwa, umbo lake linabadilika na mtiririko nao unabadilika. Anayekokotoa mara moja tu anatabiri maisha ya vali ambayo haipo tena. Fundi wa mtaa wa Buyenzi aliyefungua pampu iliyoliwa analijua hili bila mlinganyo hata mmoja.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Programu ya OpenFOAM ni ya bure. Tuanze na vali moja ya maji, hapa hapa. Tuchote maji yanayoingia kila siku msimu wa mvua, tuyachuje, tukaushe mchanga, tuupime uzito, tuangalie chembe kwa hadubini. Tupime unene wa ukuta wa vali kwa mawimbi ya sauti kabla ya mvua, na tutie alama mahali tulipopima. Kisha tukokotoe, matokeo tuyafungie kwenye bahasha, na bahasha tuifungue siku tutakaporudi na kipimo kiangazi.