Pamba katika masikio ya mutu anayekoroma

    Mwenye mutoto analia amupatie ziwa, sisi tunaendelea.

Leo tutaongea juu ya kukoroma. Ninaona munaanza kucheka. Mucheke tu. Lakini kuna mama moja alikuja siku ya kupima watoto, yeye hakucheka. Aliuliza hivi: «Bwana yangu anakoroma usiku wote. Asubui anaamuka amechoka sawa mutu aliyebeba mizigo. Ninafikiri makelele yake mwenyewe ndiyo inamunyima usingizi. Nikimutia pamba katika masikio, atalala muzuri?»

Ni swali la akili. Tulijibu.

Mutu akilala, ulimi na nyama laini za koo zinalegea, njia ya pumzi inakuwa nyembamba. Pumzi ikipita pale kwa nguvu, zile nyama zinatetemeka, sawa vile mabati yenye misumari imelegea wakati wa upepo. Akilala chali, ulimi unaanguka nyuma, makelele inazidi. Akikunywa Primus ao kasiksi magaribi, inazidi tena. Unene, tumbaku na mafua yenye kuziba pua vinaongeza vilevile.

Basi shida iko katika koo, na pamba iko katika masikio. Pamba haiwezi kufungua koo. Tena mwenye kukoroma, mara nyingi hasikii makelele yake: umuulize asubui, atasema ni wewe ulikoroma! Kumuziba masikio hakutamuponyesha uchovu.

Tukamuuliza yule mama: «Anakoroma moja kwa moja, ao kuna wakati ananyamaza?» Akafikiri. Akasema: «Ananyamaza kabisa, mimi ninabaki ninahesabu. Kisha anashituka sawa mutu aliyezama katika ziwa anatoka juu ya maji, na anaanza tena.»

Kumbe neno ni hilo. Pale anaponyamaza, musifikiri anapumzika. Koo limefungika, pumzi haipiti kwa sekunde 10 ao zaidi. Ubongo unamuamusha kidogo ili avute pumzi, na yeye hajui. Kwa wengine inatokea mara 30 na zaidi katika saa moja. Mutu huyo amekaa kitandani saa nane, lakini hakulala. Muchana anasinzia: kanisani, mezani, popote anapoketi.

Na bwana ya huyu mama ni shofere wa kamyo. Anashuka Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira. Ninyi munaoijua Ngomo, munajua: upande moja mulima, upande ingine shimo. Pale hakuna nafasi ya kusinzia hata kidogo. Tulimuambia amulete, tusingojee mwezi ujao, apimwe na tansiyo, maana ugonjwa huu unaweza kupandisha tansiyo na kuchosha moyo. Na siku alipolala vibaya, asishike usukani.

Dawa yake? Katika mwaka 1981, munganga Colin Sullivan wa Australia alionyesha mashini yenye kusukuma hewa katika pua ili koo lisifungike. Inafanya kazi muzuri, lakini bei yake ni kubwa, na inaomba umeme usiku wote. Tuko karibu na Ruzizi, lakini umeme wetu munaujua. Nyumbani mutu anaweza kuanza na haya: alale kwa ubavu, aache pombe magaribi, apunguze unene. Wengine wanashona mufuko katika mugongo wa shati ya kulalia, wanatia mupira mudogo ndani. Akigeuka chali, mupira unamusumbua, anarudi kwa ubavu. Ni ujanja, lakini unasaidia wengine.

Sasa masikio. Vizibo vya masikio vinafaa yule anayelala kando. Mujerumani Max Negwer alianza kuviuza katika mwaka 1908, vya nta na pamba. Siku hizi viko vya sponji laini. Pamba kavu peke yake inapunguza makelele kidogo tu. Karatasi na punje za karanga, hapana kabisa! Vinabaki ndani, tunavitoa kwa shida. Na sikio lenye kutoka usaha lisizibwe.

Lakini wewe mwenye mutoto muchanga, ukiziba masikio mawili, nani atamusikia? Na moto ukishika nyumba ya mbao kule Kadutu usiku, masikio ndiyo yanakuamusha mbele ya macho. Kama umechoka sana, panga na dada ao nyanya: usiku moja yeye anasikiliza mutoto, usiku ule wewe uzibe masikio, ulale.

Bado mambo mawili. Mutoto anayekoroma kila usiku, kinywa wazi, hata bila mafua, mumulete: mara nyingi nyama za koo ao za nyuma ya pua zimevimba. Pengine ndiyo sababu hakui muzuri ao anasinzia katika masomo.

La pili ni lenu wenyewe. Mama mwenye mimba anaweza kuanza kukoroma, naye hakuwa anakoroma mbele. Mara nyingi ni pua imeziba tu. Lakini kukoroma kwa nguvu kila usiku katika mimba kunaenda pengine pamoja na tansiyo kupanda, na hiyo inaweza kuua mama na mutoto. Kama uso na mikono vinavimba, kichwa kinauma sana, ao macho yanaona nyotanyota, usingojee siku ya kipimo, uje siku ileile. Na leo, mwenye mimba ambaye nyumbani wanamuambia anakoroma asione haya: apite kwa meza ya tansiyo mbele ya kurudi.