Mwanzilishi Akiondoka, Kazi Itabaki na Nani?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa ili yasomwe na kujadiliwa katika mikutano yenu.)



Nimeombwa nizungumze juu ya watu wanaotengeneza lugha za kompyuta na kuzitoa bure. Najua kuna mama hapa anajiuliza: sisi watu wa kuku na mbuzi wa maziwa, hayo yanatuhusu nini? Nipeni dakika chache, halafu mtaamua wenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi kilichokuwa na kinu cha kusaga mahindi. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mwenye bidii sana. Yeye ndiye aliyemjua fundi. Yeye ndiye aliyejua nani ana deni. Ufunguo ulikaa kwake. Alipougua, kinu kilisimama wiki ile ile ya kwanza, na baada ya miezi sita hatukuwa na kikundi tena. Hakuna aliyeiba, na kinu hakikuharibika. Ni kwamba tu hatukuwa tumekubaliana, yeye akiwa mzima, ni nani ataamua siku ambayo yeye hayupo.

Watu wa lugha za kompyuta walipita katika shida hiyo hiyo. Wengine walivuka vizuri, wengine kwa taabu. Hebu tuwatazame.

LUGHA HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Kompyuta haifanyi kitu mpaka ipewe maagizo, na maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalum. Ziko lugha, kama ile iitwayo C, ambazo ni kama kutafsiri kitabu: maagizo yote hutafsiriwa na kukaguliwa kwanza, ndipo kazi ianze. Ziko nyingine ambazo ni kama mkalimani kwenye mkutano wa injili. Mhubiri anasema neno, naye anatoa papo hapo.

Hizi za pili zina jambo lingine. Si lazima utangaze mapema kila chombo kitabeba nini. Debe lile lile asubuhi linabeba maji, jioni linabeba mahindi. Wataalamu huziita lugha za kidainamiki. Sisi hapa tuziite lugha nyumbufu, kwa maana zinanyumbuka. Faida yake ni kwamba anayejifunza hachoki upesi, na mtu mmoja anaweza kumaliza kazi kwa muda mfupi. Hasara yake ni kwamba kompyuta mara nyingi huenda polepole zaidi, na kosa lingine hulijui mpaka kazi iwe imeshaanza. Kila jembe lina shamba lake.

Nyingi ya lugha hizi maandishi yake yako wazi. Ni kama mbegu ya kienyeji. Jirani akikupa, una ruhusa ya kuipanda, kuichagua, kuiboresha na kumpa mwingine.

Na msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi yetu ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya kadhaa walianzisha Ushahidi, ili watu watume habari za fujo na zionekane kwenye ramani. Chombo walichokiendeleza kiliandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo ni mojawapo ya hizi nyumbufu, nacho kikaachwa wazi kwa wote. Tetemeko la ardhi lilipopiga Haiti Januari 2010, chombo hicho kilitumiwa huko. Mbegu ilitoka kwetu ikaenda kwa jirani wa mbali.

LULU YA LARRY WALL

Mwaka 1987 Mmarekani Larry Wall alitoa lugha iitwayo Perl. Huyu na mkewe walikuwa wamesomea elimu ya lugha wakiwa na nia ya kwenda kwa watu ambao lugha yao haijaandikwa, waiandike na kutafsiri Biblia. Afya haikuruhusu. Akaingia kazi ya kompyuta, na elimu ile ya lugha akaitumia huko. Jina la Perl alilitoa katika mfano wa lulu ya thamani kubwa, ule wa Mathayo sura ya 13. Alipoona kuna lugha nyingine yenye jina hilo tayari, akapunguza herufi moja.

Perl ilipendwa sana. Mwaka 1995 watumiaji wake walifungua ghala la pamoja liitwalo CPAN, kila mtu alete alichotengeneza na achukue anachohitaji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Halafu mwaka 2000 wakaamua kujenga lugha upya, Perl ya sita. Walikuwa na mawazo mazuri na mengi, pengine mengi mno. Toleo la kwanza rasmi lilitoka Desemba 2015. Hiyo ni miaka 15! Perl ya zamani iliendelea kutunzwa na ipo hata leo, lakini katika muda huo wageni wengi walipita mlangoni wakaenda kwa jirani. Mwishowe, mwaka 2019, ile mpya ilipewa jina lake yenyewe, Raku, kwa kuwa ilikuwa imekuwa lugha nyingine kabisa. Mnajua wale wanaosema, "Nyumba ya zamani tusiipige lipu, ya mawe inakuja"? Mvua haingoji.

KIONGOZI ALIYECHOKA

Sasa nije kwa Python, kwa maana hapa ndipo penye somo kubwa.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1989, Mholanzi Guido van Rossum alikuwa Amsterdam, ambako alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa hesabu na kompyuta. Alitaka kitu cha kumshughulisha siku za sikukuu, akaanza kutengeneza lugha. Akaiita Python. Si kwa ajili ya chatu. Alipenda kipindi cha vichekesho cha Waingereza, Monty Python. Februari 1991 akaitoa kwa wote.

Watu wakaja. Mmoja akarekebisha kosa, mwingine akaandika maelezo, mwingine akaleta kifaa kipya. Mabishano yakizidi, Guido ndiye aliyesema neno la mwisho. Mwaka 1995 wenzake wakampa cheo cha mzaha: dikteta mwema wa maisha. Ulikuwa mzaha, lakini ulikuwa kweli pia.

Tumpe haki yake, aliongoza vizuri. Tangu mwaka 2000 kila pendekezo kubwa liliandikwa katika hati yenye namba, likaeleza sababu, faida na pingamizi, na kila mtu akaweza kulisoma. Na mwaka 2001 chama kikaandikishwa cha kushika mali na haki za lugha hiyo, zisiwe mfukoni mwa mtu mmoja.

Mwaka 2018 likaja pendekezo namba 572. Lilikuwa jambo dogo sana, alama ya nukta mbili na sawasawa. Lakini watu waligombana! Nyinyi mnajua. Kikundi kinaweza kununua shamba bila neno, halafu kikavunjika kwa sababu ya rangi ya leso za sherehe. Guido akalipitisha. Kisha tarehe 12 Julai 2018 akawaandikia wenzake kwamba amefika mwisho. Hakutaka tena kupigania jambo kwa nguvu zote hizo, na baadaye akute watu wengi wanadharau uamuzi wake. Akaacha cheo. Mrithi hakumtaja. Aliwaambia wachague wenyewe watakavyojitawala.

Kinu chetu kilisimama hapo hapo. Python haikusimama. Kwa nini?

Kwanza, kumbukumbu zote zilikuwa wazi. Hakuna aliyelazimika kwenda kumuuliza Guido kitandani fundi ni nani. Pili, ilijulikana ni akina nani wanaofanya kazi na wana haki ya kupiga kura. Tatu, hawakukimbilia kumpata mtu. Walitafuta kanuni kwanza. Njia saba za uongozi ziliandikwa, zikajadiliwa miezi kadhaa, na Desemba 2018 wakapiga kura. Ikashinda njia ya baraza la watu watano.

Sikilizeni kanuni walizojiwekea. Baraza huchaguliwa upya kila baada ya toleo jipya la lugha. Wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja, ili kampuni moja isije ikakalia kiti chote. Na wapiga kura wakikosa imani, theluthi mbili yao wanaweza kuwaondoa.

Mapema mwaka 2019 uchaguzi ukafanyika. Guido mwenyewe alichaguliwa, akakaa kama mmoja wa watano. Uchaguzi uliofuata akatoa jina lake, akawaachia wengine nafasi. Mimi jambo hilo linanigusa. Yethro alimwona Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia atajichosha yeye na watu pia. Musa alikuwa na mtu wa kumwambia mapema. Je, mwenyekiti wako anaye wa kumwambia?

KUBADILISHA KANUNI BILA KUACHA WATU NYUMA

Kuna kosa pia ambalo watu wa Python walilifanya, nalo litusaidie. Desemba 2008 walitoa Python ya tatu. Sababu ilikuwa njema. Ile ya pili ilikuwa imezoea herufi za Kiingereza, na jina la Kikuyu au la Kikamba lenye ĩ au ũ lingeweza kuikwamisha programu ikiwa mwandishi hakuwa mwangalifu. Ya tatu ilichukua maandishi ya lugha zote za dunia kuwa jambo la kawaida.

Taabu ni kwamba programu nyingi za zamani hazikufanya kazi katika ile mpya mpaka zirekebishwe. Wengi wakabaki nyuma. Siku ya kuiacha ya zamani ilikuwa imepangwa mwaka 2015. Mwaka 2014 ikasogezwa mbele, ikawa tarehe 1 Januari 2020. Miaka 11 walitunza nyumba mbili. Walifika, kwa sababu waliwangoja wenzao na wakaandika vifaa vya kuwasaidia kuhama. Lakini waligharimika. Kwa hiyo mkibadilisha kanuni, kwa mfano kutoka daftari kwenda simu, msiulize tu kama njia mpya ni bora. Ulizeni nyanya wa kikundi ambaye hajui kusoma ataifikiaje.

MZIGO ULIOBEBWA NA MTU MMOJA

La mwisho. Machi 2016 kijana mmoja aliyekuwa ameandika vifaa vidogo vya lugha ya JavaScript, tena bila malipo, alikosana na wasimamizi wa ghala kuhusu jina. Akaondoa vyote. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno, basi. Lakini programu nyingi sana zilikuwa zinategemea programu nyingine zilizotegemea kifaa hicho, na siku hiyo kazi za watu zikakwama dunia nzima mpaka wasimamizi walipokirudisha.

Wakubwa kwa wadogo walikuwa wanakitumia, wala wengi hawakujua kipo. Katika kila kikundi yuko mtu wa namna hiyo. Ni yule anayefungua kanisa mapema na kupanga viti, au anayewakumbusha wenzake siku ya mchango. Hatumwoni mpaka siku aache.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, sisemi mkajifunze kompyuta, ingawa vijana wetu wakipata nafasi wajifunze, maana lugha hizi hazinunuliwi. Nasema hivi:

1. Andikeni katiba ya kikundi wakati wa amani. Siku ya ugomvi hakuna anayeandika vizuri.

2. Kumbukumbu zikae mahali ambapo watu watatu wanaweza kuzifikia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Wekeni muda wa uongozi, na mwanzilishi aonyeshwe mapema njia ya kukaa chini kwa heshima, abaki mshauri.

4. Msiruhusu ukoo mmoja au boma moja lishike viti vyote.

5. Mtajeni hadharani yule anayefanya kazi isiyoonekana, na mtafuteni wa kumsaidia.

Yule mama mwenyekiti wetu alipona. Aliporudi alikuta mlango wa kinu umefungwa kwa kufuli lake mwenyewe. Akaniuliza, "Katibu, kwa nini hamkuendelea?" Sikuwa na jibu. Jibu ndilo hilo nimewapa leo, nimechelewa miaka mingi.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Mwenyekiti wetu akiugua kesho, ni nani ataamua? Imeandikwa wapi?

Ni nani anayejua peke yake jambo ambalo sisi sote tunalitegemea?

Tulipobadilisha kanuni mara ya mwisho, ni nani aliyebaki nyuma, na tulimngoja?