Nani Akate, Nini Kibaki: Kuhariri kwa Pamoja Filamu Fupi ya Soko la Vyungu Lyulilo



Kila Jumamosi mitumbwi hutia nanga Lyulilo, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, ikiwa imesheheni vyungu kutoka Ikombe, kwa Wakisi, ambako Milima ya Livingstone imeteremka hadi majini na mzigo mzito hauna njia nyepesi kuliko ziwa. Wanawake ndio wafinyanzi. Wanaume wengi ni wavuvi. Kwa mwanafunzi mwenye kamera, soko hili ni neema: rangi, mikono, maji, kelele za kupatana bei. Neema hiyo ina hatari yake. Picha nzuri zikizidi, kikundi hupanga picha nzuri tu, na mtazamaji humaliza filamu bila kujua mfinyanzi ana neno gani.

Nazungumzia kazi inayoanza kamera ikishazimwa: wanafunzi watano au sita, kompyuta moja, saa kadhaa za picha, na filamu ya dakika 10. Ninachoshikilia ni hiki: kuketi pamoja mbele ya kioo hakujawa kuhariri pamoja. Uhariri unakuwa wa kikundi pale kila mmoja anapokuwa ameelewa kila lililosemwa kwenye picha zile.

Lyulilo jambo hilo ni zito kwa sababu ya lugha. Mfinyanzi akiulizwa kwa Kiswahili mbele ya kamera, hujibu kwa adabu na kwa ufupi, kama anavyomjibu mgeni. Akigeuka kumweleza binti yake kwa nini chungu kimepasuka motoni, anarudi kwenye Kikisi, na maelezo yenyewe yako hapo. Wanunuzi nao wana Kinyakyusa chao. Huenda katika kikundi kizima ni mwanafunzi mmoja tu anayeyafuata mazungumzo hayo. Mkiamua kwa kura, wanne au watano wasioelewa watamshinda mmoja anayeelewa, na kipande bora kitatupwa kwa kuwa picha ilitikisika kidogo.

Kwa hiyo sipendekezi kura. Napendekeza kalamu kwanza. Kabla ya kukata chochote, mazungumzo yote yaandikwe neno kwa neno, yatafsiriwe, na kila kauli iwekewe dakika na sekunde inapopatikana. Kazi hii inachosha, na kila kikundi hutamani kuiruka. Msiiruke! Kauli muhimu ziandikwe kwenye vipande vya karatasi, vitandazwe mezani au sakafuni, kisha filamu ipangwe hapo, ambapo mikono yote inafika. Anayetaka kipande kibaki aseme mtazamaji atakosa nini kikiondolewa. “Nilihangaika sana kukipata” si hoja, maana mtazamaji haoni jasho la mpiga picha.

Mkishafika kwenye kompyuta, mausi ishikwe na mtu mmoja, na kila baada ya sehemu moja ashike mwingine. Mkivutana kuhusu mpangilio, tengenezeni namna zote mbili, mzitazame mfululizo bila mtu kusema, ndipo mjadili. Mara nyingi ubishi huishia hapo.

Tatizo ninaloliona zaidi kwa vijana ni pupa ya kukata. Mazoea ya video za simu yanawafanya wabadilishe picha kila sekunde mbili. Ufinyanzi haukubali mwendo huo. Mikono inayopandisha ukuta wa chungu inahitaji kuachwa, hata sekunde 20, mtazamaji aone udongo ukitii. Vivyo hivyo moto: vyungu huchomwa mahali pa wazi, na muda wa kusubiri ni sehemu ya habari. Sauti nayo isisahaulike. Upepo wa ziwa huharibu maikrofoni isiyokingwa, kwa hiyo rekodini dakika moja ya sauti tupu ya ufukwe. Ndiyo itakayoziba mishono ya picha.

Swali la nani aamue si geni kwetu. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Usambara, ulitengeneza filamu hapa Tanganyika na kuzizungusha Afrika Mashariki. Waafrika walionekana kwenye picha. Uamuzi ulikuwa wa wasimamizi Wazungu. Mwaka 1967, kisiwani Fogo, Kanada, mwongozaji Colin Low alifanya kinyume: wavuvi waliorekodiwa walionyeshwa filamu zao kwanza na waliweza kutaka sehemu fulani iondolewe. Miaka ya 1990, kikundi cha Maneno Mengi kilifanya kazi ya video shirikishi na wavuvi wa Mtwara. Sisi wa pwani ya Nyasa hatuna sababu ya kurudi Vugiri.

Kwa hiyo rasimu ya filamu ipelekwe Ikombe, kwa mfinyanzi mwenyewe. Jumamosi sokoni haifai, ana biashara. Ombeni siku nyingine, mmfuate kwa mtumbwi. Atazame pamoja na majirani zake, na mwanafunzi anayejua Kikisi aketi karibu naye. Akisema bei aliyoitaja isitangazwe, iondolewe kwenye filamu. Akisema tafsiri imepotoka, irekebishwe hapo hapo. Nafasi ya siku hiyo iwemo kwenye ratiba na bajeti tangu mwanzo, nauli ya mtumbwi ikiwamo. Mwishoni jina lake liandikwe kama anavyotaka liandikwe, la mfasiri lisisahaulike, na nakala iwekwe kwenye memori kadi aichukue, kwa kuwa simu ndiyo atakayoitumia kuitazama.